Kilichoongezwa Hubaki: Miaka Yangu Ndani ya Rejista

Walisema sitamaliza hata muhula mmoja. Baba mdogo wangu Barasa, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha simiti pamoja na marehemu baba, alilisema hilo mbele ya watu, sahani ya ugali ikiwa magotini. "Wafula, redio ya betri ilikushinda kufunga, ukabaki na skrubu mkononi. Leo ni kompyuta?" Watu wakacheka mpaka mtoto aliyekuwa amelala akaamka. Wengine walisema kompyuta ni kazi ya watoto wa mitaa ya matajiri, si ya mtoto wa Noonkopir anayetembea na matope ya udongo mweusi mpaka kwenye magoti. Nilipokwenda kufanya kazi Ghuba, nchi za Waarabu, walisema nitarudi na blanketi moja la maua na aibu. Nayaandika haya kwanza kwa sababu Faith, anayeendesha karakana yangu ya Kitengela sasa, ameniambia nianze na jambo la kuvutia, na mimi sijui jambo tamu zaidi ya kwamba watu hao wote walikosea.

Mishahara sitaitaja. Vyeo pia nitaviruka. Cha mwisho kimeandikwa kwenye mlango wa karakana na rangi yake haijatoka. Diploma yangu mnaijua, imetundikwa sebuleni mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Ni Diploma, si kile cheti cha wiki chache ambacho siku hizi mtu anakipiga picha na kukiweka mtandaoni. Nitakachowaandikia ninyi vijana wa karakana ni kazi yenyewe, hasa ile sehemu ya kazi inayowatetemesha wengi: rejista ya mfumo. Nimeingia humo mara nyingi kuliko nilivyoingia kanisani, na mchungaji anajua.

Tangu nistaafu, asubuhi vidole vyangu bado vinatafuta. Nikiwa nimeshika kikombe cha chai, mkono wa kushoto unatafuta kitufe chenye alama ya dirisha, na kidole kingine kinatafuta R. Hakuna mtu anayenipigia simu kuniambia mashine imekufa. Mke wangu anasema hiyo ndiyo raha ya kustaafu. Anaweza kuwa sahihi, lakini raha hii haina sauti, na mimi nilizoea feni za mashine zikinguruma.

Nilikopeshwa na watu watatu mwanzoni. Mwalimu Kamau, aliyenifundisha hesabu sekondari, alikuwa na kompyuta yake mwenyewe, kubwa kama kabati la vyombo. Shule zilipofungwa alinikopesha niende nayo nyumbani nikajifunze. Niliisukuma kwa mkokoteni, nimeifunika kwa blanketi, na kila aliyepita aliniuliza mgonjwa anaumwa nini. Mama Wanjiru, aliyeuza mitumba karibu na stendi, alinikopesha kona ya kibanda chake kwa sababu kilikuwa na umeme na kwetu haukuwepo. Nilikaa pale katikati ya makoti ya watu wa nchi za baridi, nikiandika amri moja moja. Wateja walipouliza bei ya ile televisheni, Mama Wanjiru alikuwa akijibu, "Hiyo haiuzwi, na huyo kijana pia hauzwi. Angalia koti."

Wa tatu alikuwa Lemayian. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Siku hizo ng'ombe wa baba yake walichungwa pale ambapo leo kuna kituo cha petroli na duka la vigae. Nilimwendea kumwambia nimepata nafasi chuoni lakini karo imenishinda, na kwamba pengine Baba mdogo Barasa alikuwa amesema kweli. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameukunja gotini, akitafuna kijiti cha kusafishia meno.

"Sasa unataka kulia kwa sababu ya karatasi?" akaniuliza.

"Si karatasi. Ni chuo."

"Chukua yule." Akaelekeza kijiti kwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. "Soko la Kajiado ni kesho kutwa. Usikubali bei ya kwanza, wewe una uso wa mtu anayekubali bei ya kwanza."

"Nitakurudishia, Lemayian. Hata nikifa nitakurudishia."

"Ukifa utanirudishia vipi? Enda shule."

Kuanzia siku ile hakuniita Wafula tena. Aliniita Pakiteng, na mimi nikamwita Pakiteng. Kwa Wamaasai, watu wawili ambao kati yao amepita ng'ombe huacha majina yao na kuitana hivyo, na kila anayesikia anajua kwamba hapo kuna ng'ombe. Aliniita hivyo mbele ya mke wangu, mbele ya wateja, mbele ya afisa wa serikali. Tulimzika Isinya kabla ya mvua zilizopita. Sasa naitwa Mzee, naitwa Fundi, naitwa Baba Nekesa. Jina lile halina mtu wa kuliita.

Chuoni mwalimu alitufungulia rejista siku moja, akatuonyesha kwa mbali kama mtu anayewaonyesha watoto simba mbugani: tazameni, msishuke kwenye gari. Nilihitimu nikiwa nimemwona simba bila kumkaribia. Nilikwenda Ghuba nikiwa na diploma, suti moja, na imani kubwa sana juu yangu mwenyewe.

Huko nilipangiwa kazi chini ya fundi mkuu wa kompyuta za hoteli, Bwana Kurian, mtu mzima kutoka Kerala, India, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi ndani ya rejista.

"Niko na diploma," nikamjibu.

"Sikukuuliza uko na nini."

Sijawahi kumsamehe kwa jibu hilo, na sijawahi kupata mwalimu mwingine kama yeye. Alinikalisha mbele ya mashine mbovu isiyotumiwa na mtu, akaniambia huo ndio uwanja wangu, niuharibu nitakavyo, kisha niutengeneze. Haya ninayowafundisha yote yalitoka kwake. Mimi nimeongeza mfano wa boma tu, kwa sababu yeye hakuwa na boma.

Rejista ni mahali ambapo kompyuta inaweka makubaliano yake yote: programu gani iamke pamoja na mashine, printa imechomekwa mlango gani, rangi gani mtu anapenda nyuma ya picha zake. Ichukulie kama boma. Kuna mambo yanayowahusu wote wanaopita langoni, na hayo yanakaa tawi linaloitwa HKEY_LOCAL_MACHINE. Kuna mambo ya nyumba ya mtu mmoja, yule aliyeingia kwa jina lake sasa hivi, na hayo yanakaa HKEY_CURRENT_USER. Programu nyingi huuliza kwanza ndani ya nyumba, zikikosa jibu ndipo ziende kuuliza langoni. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kufungua si kazi. Shikilia kitufe chenye alama ya dirisha, bonyeza R, kisanduku kidogo kitatokea, andika regedit, bonyeza Enter. Mashine itakuuliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko. Watu hujibu ndiyo kwa swali hilo kama wanavyosema amina, bila kusikiliza kilichoombwa. Wewe sikiliza. Kushoto utaona folda za manjano zilizopangwa kama matawi. Kulia utaona majina na thamani zake. Hapo ndipo jasho linapoanza, kwa sababu ukurasa huo hauna kitufe cha kuhifadhi. Ukishabadilisha, imebadilika. Na ukikosea, hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Kwa hiyo nakala kwanza. Bwana Kurian alikuwa anauzuia mkono wangu kwa rula nikisogea kabla ya nakala. Tengeneza kwanza kituo cha kurejesha mfumo mzima, endapo mashine itakataa kuwaka vizuri. Kisha simama juu ya tawi unalotaka kuligusa, nenda File, chagua Export, hakikisha imeandikwa ni tawi lile tu ulilochagua, uipe faili jina ambalo hata mtu asiyekujua ataelewa, na uiweke kwenye fleshi pia, nje ya mashine. Nakala iliyo ndani ya mashine iliyokufa ni sawa na ufunguo uliofungiwa ndani ya gari.

Halafu soma njia kwa sauti. Tawi, folda, folda, folda, mpaka ulipo. Mdomo unakamata makosa ambayo macho yanayaruka. Badilisha kitu kimoja tu, funga, fungua programu upya au uwashe mashine upya, uone. Usifute kitu. Kibadilishe jina, ongeza neno mwishoni, ili programu isikione lakini wewe ukione. Kikikosekana kikaleta balaa, unakirudishia jina lake na hakuna aliyeumia. Na faili yoyote ya rejista iliyotoka mtandaoni ikiahidi kuharakisha mashine yako, iache huko ilikotoka.

Sheria ya mwisho alinipa siku moja tukinywa chai yake ya rangi yenye ndimu. Nilikuwa nimeongeza thamani mpya kwenye uwanja wangu wa mazoezi, mashine ikagoma, nikairudisha nakala yangu kwa kubofya faili mara mbili. Ikaniambia imefaulu. Lakini mashine ikaendelea kugoma. Bwana Kurian alinitazama nikihangaika mpaka chai yake ikaisha.

"Nakala hurudisha," akasema. "Haifagii."

Maana yake hii: ukiirudisha nakala, inarejesha kila kilichobadilishwa na kila kilichofutwa. Lakini kile ulichokiongeza baada ya kuchukua nakala, haikijui, kwa hiyo haikigusi. Kinabaki pale pale.

Ijumaa zilikuwa siku za mapumziko, nazo zilikuwa ndefu. Nilikaa juu ya kitanda changu cha chuma, kiyoyozi kikilia, nikiwaza uwanda wa Athi baada ya mvua, ile harufu ya udongo mweusi ambao nikiwa nyumbani niliutukana kila siku. Nilipiga simu kwa kadi. Nikishamaliza na mke wangu, dakika zilizobaki zilikuwa za Lemayian.

"Pakiteng, mvua imenyesha?"

"Imenyesha Isinya. Kitengela bado."

"Ng'ombe?"

"Wako. Wewe huko unakula nini?"

"Wali."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Pole sana," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na dakika zinakwisha.

Nilirudi kwa hiari yangu, si kwamba nilifukuzwa, kama alivyotangaza Baba mdogo Barasa. Nilikuta uwanda umekatwa ploti, nyaya kila mahali, na punda milia wamesimama nje ya uzio kama watu waliokuja kwa sherehe bila kadi. Familia ya Lemayian ilikuwa imehamia upande wa Isinya na mifugo yao. Nilifungua karakana Kitengela, dirisha la kioo, jina langu na neno Diploma chini yake kwa rangi ya bluu. Barasa alipita, akasoma, akasema, "Gari liko wapi?" Wateja nao hawakuwa wengi. Mji ulikuwa na mafundi wa simu kila mlango, na mtu aliyetoka Ghuba anadhaniwa kuwa atatoza bei ya Ghuba.

Kisha ukaja ushirika wa maziwa, na hiyo ndiyo kazi ninayoikumbuka zaidi ya zote.

Lemayian alikuwa mwenyekiti wake. Ni yeye aliyewashawishi wanachama waache kupima maziwa kwa mkono na kuandika kwa kalamu, wanunue mizani iliyounganishwa na kompyuta. Mama anaweka debe lake juu ya mizani, uzito unatokea kwenye skrini, unaingia moja kwa moja kwenye namba yake. Wazee hawakupenda. Akina mama walipenda, kwa sababu kalamu ilikuwa na tabia ya kusinzia ikifika kwa wajane. Sasa waya wa mizani ukaharibika, wakaita fundi kijana kutoka Kware, Ongata Rongai, aweke mwingine. Aliweka, mizani ikanyamaza. Debe limejaa, skrini inasema sifuri. Kijana akahangaika, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa pamoja na waya mwingine wa aina ya zamani, bado sifuri, akaondoka.

Simu ilikuja nikiwa nafagia karakana.

"Pakiteng, mashine imekufa. Njoo."

Nilifika na koti langu la kazi na mkoba wa Ghuba. Akina mama walikuwa kwenye foleni na madebe, jua likiwa tayari linauma, na maziwa hayajui kungoja. Nikasalimia, "Sopa!" wakajibu, "Ipa!" Mama Naserian, aliyekuwa mbele ya foleni, mjane na mwanakamati mwenye ulimi, akanitazama kutoka kichwani mpaka chini.

"Huyu ndiye yule wa majuu?" akauliza. "Mbona viatu viko na matope kama vyetu?"

"Matope hayajui diploma, mama."

"Ee. Basi tutaona kama mashine inaijua." Halafu akanisogelea, akapunguza sauti. "Mwenyekiti amewaambia wazee usipoiamsha leo, warudishe kalamu yao, na watafute mwenyekiti mwingine. Tumemwambia asiseme hivyo. Amesema."

Nikamtafuta Lemayian kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni akitazama ng'ombe wa watu wengine upande wa pili wa barabara, kana kwamba haya hayamhusu. Mtu anayependa wenzake wamwamini, akaweka kiti chake juu ya neno langu, na hata simuni hakuniambia.

Ndani kulikuwa na wazee wa kamati kwenye benchi, na Mercy, karani, msichana mwangalifu ambaye macho yake yalikuwa mekundu. Nilimpigia kwanza yule kijana wa Kware. Mafundi wengi huanza kwa kumtukana aliyetangulia. Ni kupoteza muda, yeye ndiye anayejua alikopita.

"Kijana, sikupigii kukugombeza. Niambie uligusa wapi."

"Mzee, nilibadilisha namba ya mlango kwa registry, ikakataa. Nikarudisha backup yangu. Naapa kila kitu kilirudi."

"Ulichukua nakala kabla ya kugusa?"

"Nilichukua."

"Basi wewe ni fundi. Asante."

Na alikuwa anasema kweli. Nilifungua rejista, nikachukua nakala yangu, nikaiweka kwenye fleshi, nikashuka kwenye tawi la mashine nzima, nikisoma njia kwa sauti kama nilivyofundishwa. Mzee mmoja kwenye benchi akavua kofia akidhani nasali. Wenzake wakavua pia. Sikuwakatiza; kazi ya rejista haijawahi kudhurika kwa watu kunyamaza. Nilifika mahali pa programu ya mizani. Mlango namba tatu. Nikaangalia waya: mlango namba tatu. Kila kitu kilikuwa sahihi, safi kama kioo, na skrini ilisema sifuri.

Nikarudia njia. Sahihi. Nikawasha mashine upya. Sifuri. Mercy akaanza kupanga kalamu mezani, na sauti ile ya kalamu kwenye mbao ilinichoma kuliko maneno ya Barasa. Mlangoni Lemayian alikuwa bado amenipa mgongo. Hakugeuka hata mara moja kuniangalia, na nilielewa kwamba si kwa kutojali. Hakutaka nione kama ana wasiwasi.

Ndipo nikasikia harufu ya ndimu. Nawaambia kweli, ndani ya chumba kile cha maziwa nilisikia harufu ya chai ya Bwana Kurian. Nakala hurudisha. Haifagii. Kijana alirudisha alichobadilisha. Je, aliongeza nini?

Nilipanda juu kabisa ya matawi, nikabonyeza Ctrl pamoja na F, nikaandika jina la programu, nikaacha mashine itafute. Ikapata kwenye tawi la kwanza, mahali pasipo na namba ya mlango. Nikabonyeza F3 iendelee. Ikapita, ikapita, kisha ikasimama mahali nisipotarajia: ndani ya nyumba, kwenye tawi la Mercy mwenyewe, yule aliyeingia kwa jina lake. Folda ndogo, thamani moja. Mlango namba tano. Kijana alikuwa amejaribu huko, akasahau, na nakala yake ya langoni isingeweza kuifagia nyumba. Programu ilikuwa ikiuliza kwanza ndani, inaambiwa tano, inakwenda tano, inakuta hakuna mtu.

Nikaichukulia nakala ile folda. Sikuifuta. Nikaibadilisha jina, nikaongeza neno zamani mwishoni. Nikafunga rejista, nikamwambia Mercy afungue programu.

"Mama Naserian," nikaita, "weka debe."

Akaliweka kama mtu anayeweka yai. Skrini ikakaa. Kisha namba ikaruka.

"Imeandika!" Mercy akapiga kelele.

Mama Naserian akainama, akaisoma namba, akasimama wima. "Rudia," akasema. "Hiyo imenidhulumu."

Chumba kizima kikacheka, hata wazee wa kalamu, wakavaa kofia zao. Lemayian akageuka sasa. Sikuona furaha usoni mwake wala mshangao. Aliniangalia kama mtu anayeona ng'ombe wake wakirudi saa ile ile wanayorudi kila siku.

"Pakiteng," akasema, "chai inapoa."

Baada ya hapo wateja walikuja. Shule zilikuja, zahanati, wauza mbolea, mawakili wa mjini Kajiado. Hayo Faith anayajua, alikuwepo kwa mengi, na alinisomea njia kwa sauti siku yake ya kwanza bila kuambiwa, nikajua karakana ina mwenyewe. Mimi nitamalizia kwa siku moja kabla yeye hajaja, siku niliyowalipa walionikopesha.

Nilianza asubuhi kwa Mwalimu Kamau, aliyekuwa amestaafu. Nilimpelekea kompyuta mpya, nyembamba, nimeshaipanga yote. Aliiwasha, akaisikiliza, akaniuliza, "Mbona haina kelele? Nitajuaje inafanya kazi?" Nikatoka hapo kwenda kwa Mama Wanjiru, nikampa kodi ya kona ile na umeme wake kwa miaka yote, na kitenge juu. Alipokea, akajifunga kitenge papo hapo, akasema kona bado ipo, nikichoka na dirisha langu la kioo nirudi kwenye makoti.

Halafu nikaenda Isinya, nyuma ya pikapu ya kukodi kukiwa na mtamba. Nilikuwa nimezunguka soko la Kajiado nikitafuta mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na sikukubali bei ya kwanza. Nilivaa suti. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu mtu anayetimiza ahadi.

Lemayian alitoka bomani akiitazama pikapu, kisha mtamba, kisha suti.

"Sopa, Pakiteng."

"Ipa."

Akazunguka gari, akaangalia meno, akapapasa mgongo, akainama kuangalia chuchu. "Ng'ombe mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Wako."

"Wangu wa nini?"

"Yule wa chuo. Nimekurudishia. Mimi sikai na deni la mtu."

Alitoa mkono kwenye mgongo wa mtamba, akaufuta kwenye shuka yake taratibu, na uso wake ukawa kama nilivyouona mara moja tu kabla, siku walipouza ardhi ya baba yake, kabla sijakwenda Ghuba. Nilikuwa nimekuja kwa kiburi cha mtu aliyesafisha jina lake, na sikuwa nimewaza kwamba kuna jina lingine.

"Nikimpokea huyu," akasema, "tutakuwa tumemalizana. Nitakuita nani?"

Upepo ulikuwa unapiga kutoka uwandani. Mtamba akakanyaga bati la pikapu. Nikatafuta la kusema, na mimi, mjuavyo, si mtu wa kukosa la kusema. Lakini lililokuja halikuwa langu.

"Unakumbuka mashine ya maziwa?"

"Nakumbuka."

"Yule kijana wa Kware alirudisha kila kitu. Kila kitu. Lakini kile alichokuwa ameongeza, je?"

Akafikiri. Ni mtu aliyependa kufikiri bila haraka. "Kilibaki," akasema.

"Kilibaki pale pale. Kurudisha hakufagii, Pakiteng."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mpaka akashika ukingo wa pikapu.

"Umesoma kweli," akasema. "Mtamba wangu hakupotea bure."

Akafungua kizuizi cha nyuma cha gari, akanitupia kamba nikiwa na suti yangu vile vile.

"Pakiteng, shika vizuri. Huyu wako ni mgeni, ataruka."